Amiri Mbele ya Safu

Utenzi wa Vita vya Uhud, uliokusanywa na Haji Chum na kuchapishwa mwaka 1962, wengi huupenda kwa mapanga yake. Lakini kisa chenyewe, cha mwaka 625, kina swali zito: je, yampasa amiri kupigana mwenyewe safu ya mbele?

Mtume Muhammad (S.A.W.) alisimama vitani hata akajeruhiwa usoni na kuvunjwa jino. Kuwapo kwake kuliwatia watu nguvu. Ila ulipozagaa uvumi kuwa ameuawa, wengine walikata tamaa ya kupigana: roho moja ilikuwa imebeba nyoyo za mamia. Kaab bin Malik, naye mshairi, alipomtambua akapaza sauti kuwa yu hai. Mtume akamwashiria anyamaze.

Ishara hiyo ndiyo kiini. Ushujaa wa amiri si kujianika kwa adui, bali kujua lini aonekane na lini asitirike, jeshi lisibaki yatima. Tena msiba ulianzia kilimani, pale wengi wa wapiga mishale 50 walipoiacha amri wakaifuata ngawira. Upanga wa amiri haukuweza kuliziba pengo hilo.

Atungaye vita, basi, asiusifu upanga akakisahau kilima.