Kila Mmoja Sahihi, Wawili Wamekwama

Mchoro wa mnunuzi ni mfupi: tuma oda, pokea ankara, lipa. Ankara ikiwa haijafika, anaweza kughairi na kufunga kazi. Wa muuzaji haupishani sana na huo: pokea oda, kisha toa ankara usubiri malipo, au pokea ujumbe wa kughairi ufunge. Ukague kila mchoro peke yake, huoni dosari. Iunganishe, biashara inaweza kukwama.

Mkwamo huo hukamatwa kwa nyavu za Petri, zenye asili katika tasnifu ya Carl Adam Petri ya mwaka 1962. Hatua za kazi huhamisha alama kutoka kituo hadi kituo, kama kete za bao, na kila aina ya ujumbe hupewa kituo chake katikati ya pande mbili. Kompyuta hupitia hali zote zinazoweza kufikiwa, ikitafuta ile ambayo hakuna hatua inayowezekana ilhali kazi haijaisha. Mtafiti Wil van der Aalst, miaka ya 1990, alidai zaidi: kazi ikiisha, pasibaki alama popote.

Katika mfano wetu hali mbaya ipo. Ankara ikiwa njiani, mnunuzi anaghairi na kufunga. Muuzaji anabaki akingoja malipo.

Haraka haraka utasema muuzaji akubali kughairiwa hata baada ya kutoa ankara. Mkwamo unaisha, ila ankara inabaki bila mpokeaji. Basi mnunuzi asifunge mpaka apate uthibitisho? Bado, kwa sababu vituo vya ujumbe havitunzi foleni. Uthibitisho unaweza kuitangulia ankara. Dawa ni majibu mawili tofauti: "imeghairiwa, ankara haikutoka" na "imeghairiwa, ankara imetoka". Akipata la pili, mnunuzi hafungi kabla ya kuipokea ankara na kuitupa.

Gharama ya ukaguzi huu ni wingi wa hali. Vipengele 20 visivyotegemeana, kila kimoja chenye hali mbili, huzaa hali 1,048,576. Programu kama LoLA huupunguza mzigo kwa kutorudia kila mpangilio wa hatua zisizoathiriana.

Kinachonitia shaka zaidi ni usiri. Kampuni humpa mshirika mchoro uliopunguzwa, na mara nyingi kinachokatwa ni uamuzi wa ndani wa lini kughairi. Ukaguzi wa mchoro huo utapita bila kuugusa mkwamo.