Ukuta Uliponyamaza

Vibao viwili vya mninga, kamba ya katani, simu yenye saa, na ukuta mrefu wa bwalo usio na miti mbele yake. Kwa vifaa hivyo tu nimepima mwendo wa sauti na wanafunzi miaka mingi, na sijatamani vingine.

Tunailaza kamba ya mita 17 mara tano kuanzia ukutani, kisha tunasimama. Sauti ikienda na kurudi inakuwa imekata mita 170. Mwenye vibao anagonga mara moja, anasikiliza, mwangwi unarudi. Kisha anagonga mfululizo, akiongeza na kupunguza kasi, mpaka kila pigo liangukie juu ya mwangwi wa pigo lililotangulia. Ufundi uko hapo. Akiwahi, mwangwi unasikika nyuma ya pigo, akichelewa, unamtangulia.

Asubuhi moja vibao vilishikwa na binti mpiga ngoma wa shule. Alifumba macho. Viwiko vikabana mbavuni, zikabaki kucheza ngumi tu. Kwa kama nusu dakika tulisikia ko-koko-ko, lisilo na mpango. Halafu mwangwi ukapotea kabisa.

"Mwalimu," mwenzake akanong'ona, "ukuta umenyamaza."

Hapo ndipo tunapoanza kuhesabu, na tunaanza na sifuri, kwa kuwa pigo la kwanza linafungua saa tu. Kundi lililotangulia lilianza na moja, likapata zaidi ya mita 361 kwa sekunde. La binti huyu lilihesabu nafasi 20 kati ya pigo na pigo kwa sekunde 9.9. Nafasi 20 za mita 170 ni mita 3,400, ukizigawa kwa 9.9 unapata 343. Kipimajoto kilisoma nyuzi 22. Kanuni ya kitabuni, 331 jumlisha 0.6 kwa kila nyuzi, inatoa 344. Walishangilia mpaka mpishi akachungulia dirishani.

Wapo walimu wanaopendelea kumsimamisha mtu mbali akiwa na bendera, aishushe papo hapo anapogonga: ukiona imeshuka unawasha saa, ukisikia mlio unaizima. Inafaa, ila kidole huchelewa, na kosa lote huangukia kwenye safari moja fupi ya sauti. Kwa vibao, kosa lile lile hugawanywa kwa nafasi 20.

Kuna na upepo. Mwaka 1822, karibu na Paris, wataalamu wa Ufaransa, Arago na Gay-Lussac wakiwemo, walipiga mizinga usiku kwa zamu kutoka Villejuif na Montlhéry, ili upepo unaoisukuma sauti upande mmoja uizuie upande wa pili. Ukuta wa bwalo unatufanyia kazi hiyo hiyo bila baruti: upepo unaoichelewesha sauti ikienda, unaiharakisha ikirudi.

Kengele ya kipindi ilitukuta bado uwanjani. Binti alikwisha kumpa mwenzake vibao, naye amesimama nyuma yake, amemshika viwiko, anamwambia asiukimbize ukuta, ausubiri.