Sinema ya Mji Wetu: Turudishe Zamani ya Nani?

Kila mara chama chetu kinapokutana, neno la sale ya sinema linarudi. Ni ile nyumba ya karibu na stesheni ya treni, yenye manjanja yaliyooza na mlango wa mbele uliozibwa kwa matofali. Sasa kuna kamati inayotaka kuitengeneza, na tuliletewa mradi wao pamoja na michoro ili tutoe mawazo. Tumeusoma mara mbili. Kazi yenyewe ni nzuri, tunaisifu mbele ya kuikosoa: wamepima kuta, wamehesabu viti, hata kidirisha cha kuuzia tiketi hawakukisahau. Lakini wanaandika kwamba nyumba itarudishwa kama ilivyokuwa siku ya kufunguliwa kwake. Hapo ndipo tulipokwama.

Siku ile baba zetu walikuwa wapi? Wakati wa Wabelgiji, amri ya mwaka 1945 ilikataza Mwafrika kuona filme ambayo komisheni ya serikali haikuipitisha kwa ajili yake. Sale ya mjini ilikuwa ya Wazungu. Sisi weusi tulipewa sinema yetu kando: katika kampi za wafanyakazi wa Union Minière, kwenye kiwanja cha misioni, au mbele ya kamyo ya serikali, kitambaa cheupe kikitundikwa usiku. Kule Kasai mapadri wa Scheut walitengeneza filme za kuchekesha, za Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, na mtu alisimama kando kueleza hadisi kwa lugha ya watu. Mzee mmoja wa mtaa wetu bado anakumbuka sale ya mjini: « Batoto tulikuwa tunapanda ku muembe. Muziki tunasikia, picha hatuone. »

Basi, ukirudisha nyumba kama siku ya kwanza, unamrudisha huyu mzee ku muembe.

Nyumba hii ilikuwa yetu kisha uhuru wa 1960. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1980 tuliikuta imezeeka, lakini bado inapumua. Filme za Wahindi, za kauboyi, za Bruce Lee. (Kule Kinshasa, vijana wa miaka ya 1950 walikuwa wamekwisha kujiita Bill, juu ya Buffalo Bill, na wakatunga hata lugha yao, Hindubill. Filme haikuwatazama wakakaa kimya hivi hivi.) Kwetu pia hakuna aliyenyamaza. Aliyeona filme jana alikaa mbele na kumwonya shujaa: « Angalia nyuma! » Mama aliyekuja na mtoto mgongoni alilia na mwimbaji wa Kihindi bila kujua hata neno moja la Kihindi. Na kesho yake, asiyekuwa na franga ya tiketi alisimuliwa filme nzima penye bomba la maji, na mara nyingi hadisi ya pale penye bomba ilipita filme yenyewe kwa utamu. Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa anatukemea juu ya makelele yale. Leo sisi ni walimu, na tunaona alikosea: ilikuwa ni mambo ya kando ya moto, hadisi na kuitikia, iliyopata nyumba ya matofali.

Yaliyofuata kila mtu anayajua. Zairianisation ya Novemba 1973 ilipeleka mali za wafanyabiashara wageni mikononi mwa wengine, na nyumba nyingi hazikupata tena mtu wa kununua vyuma vya kubadilisha. Uporaji wa 1991 na wa 1993 ulimaliza. Kisha ikaja video, na kikundi cha sala kikaingia.

Mradi unasema nini juu ya miaka ile ya makelele? Kidogo sana. Rangi ya buluu ya kisha uhuru itakwanguliwa ili cheupe cha zamani kionekane. Bruce Lee aliyechorwa kwa mkono kwenye ukuta wa kando ataondoka na buluu. Na watu wa sala wanatajwa kama uchafu wa kusafishwa, kumbe ndio walionunua manjanja machache yanayozuia mvua. Bila wao, kamati ingepima majani tu. Kwa nini wasibakiziwe asubuhi ya Siku ya Mungu, na filme zipewe magaribi ya siku ya posho?

Hatusemi mambo mageni. Kule Unguja kuna sinema Majestic. Mahali pale pale palijengwa kwanza nyingine, Royal, mwaka 1921. Ikaungua, na mwaka 1955 ikafunguliwa hii yenye sura tofauti kabisa. Waliotaka kuiokoa walishughulika na ile ya 1955, ambayo watu wa mji waliipenda, hawakurudi kwa ile ya kwanza.

Tulimwonyesha mzee wa muembe michoro. Aliigeuza-geuza, akauliza: « Na mulango ya batu ya cité, ni gani? » Haupo. Tumeliandika swali lake pembeni ya mchoro, kwa biki nyekundu, sawa vile tunavyofanya ku dafutari za wanafunzi, na tumeirudishia kamati karatasi zake.