Kijiti na Pamba

Watu wengi hupanda dungusi kakati kwa kuwa wameambiwa halina shida. Halidai maji kila siku wala mbolea nyingi, na jua la Dodoma au la Garissa halilitishi. Kwa hiyo mwenye bustani anapoona kitu kama utando mweupe kwenye mashina ya miiba, hushtuka na kukimbilia duka la pembejeo kuulizia dawa kali. Insha hii inamsifu fundi mwingine, yule anayeanza kwa kuinama na kutazama, kisha akachukua kijiti, pamba na chupa ndogo ya spiriti. Wapo wanaouona ufundi huo kuwa kazi ya asiye na pesa ya dawa. Mimi nasema ndio unaolingana na maumbile ya mdudu na ya mmea wenyewe, na kwamba sumu, hata inapohitajika, haina budi kuja nyuma yake.

Tumtazame kwanza kidung'ata, adui mkuu wa madungusi ya bustanini. Jike hujifunika nta nyeupe, na dawa iliyochanganywa na maji huteleza juu ya nta hiyo bila kumgusa. Mayai yake, ambayo huweza kufika mamia, huyaficha ndani ya kifuko cha nyuzi za nta hiyohiyo, chini ya miiba au kwenye mikunjo ambako ukungu wa bomba haupenyi. Spiriti huiyeyusha nta, ndiyo maana pamba iliyolowa, ikigusishwa mahali penyewe, hufanya kazi ambayo bomba zima la dawa hushindwa. Hata hivyo fundi hajisifu siku ya kwanza. Anajua mayai aliyoyakosa yataanguliwa, kwa hiyo hurudi baada ya wiki, na wiki nyingine tena, mpaka pasiwe na mtoto aliyesalia. Hufanya kazi jioni, maana spiriti na jua la mchana huunguza ngozi ya mmea, na hujaribu kwanza sehemu ndogo, hasa kwa yale madungusi yenye vumbi la kibuluu ambalo likishafutika halirudi. Akiona sisimizi wanapanda shina, huwafuata kwa macho: hao wanakwenda kunywa utamu unaotolewa na vidung'ata, na kwa malipo ya utamu huo huwafukuza wadudu wanaowala. Bustani yenye sisimizi wengi juu ya dungusi ina jambo linalofichwa. Na mmea unaodumaa bila sababu huutoa chunguni, kwa kuwa wapo vidung'ata waishio mizizini, na hao huonekana tu kama unga mweupe udongo unapopukutishwa.

Kuna sababu ya pili, nayo iko kwa mmea. Mwembe ukiliwa jani hulidondosha ukatoa jingine. Dungusi halina jani la kudondosha. Ngozi yake ndiyo jani, nalo hubaki nayo kwa miaka mingi. Kovu la kahawia lililoachwa na utitiri mwekundu karibu na kilele halifutiki kamwe. Huyu utitiri hata si mdudu, ana miguu minane kama buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimwui. Dawa hizo huua utitiri wengine wanaomla yeye, akabaki peke yake akizaana. Hupenda joto na ukavu, hivyo maji ya mpira yenye kasi humsumbua kuliko sumu ya bei kubwa.

Mtu atasema: basi tutumie ile sumu inayomwagwa kwenye udongo ikapanda na utomvu, mdudu afe popote alipojificha. Pingamizi hili lina uzito, na sikatai kwamba hufanya kazi. Lakini dungusi lililo katika msimu wa kupumzika hunywa kidogo sana, na sumu isiyonywewa haipandi. Tena hiyo iliyopanda hufika mpaka kwenye ua, na ua la dungusi lina nyuki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2018 matumizi ya nje ya imidaklopridi, mojawapo ya sumu za aina hiyo, na ndugu zake wawili kwa ajili ya nyuki. Historia nayo ina shauri lake. Mwaka 1888 mbawakawa mdogo mwenye madoa aliletwa California kutoka Australia, akaiokoa michungwa dhidi ya kidugamba aliyekuwa akiimaliza. Miaka ya 1940 ilipokuwa ikimalizika wakulima walipuliza DDT, mbawakawa wakafa, na kidugamba akarudi.

Waliowajua wadudu wa dungusi kuliko watu wote walikuwa wafugaji wao. Huko Oaxaca, Mexico, tangu kabla ya Wahispania kufika, wakulima walimfuga mdudu aitwaye kochinili juu ya dungusi liitwalo mpungate kwa ajili ya rangi nyekundu. Mchoro wa mwaka 1777 unamwonyesha mmoja wao akiwakusanya kwa mkia wa kulungu, brashi ambayo sijui kama kiwanda kimewahi kuishinda. Waliwalinda kochinili kwa uangalifu uleule ambao sisi tunautumia kuwaondoa, na rangi yao ikawa bidhaa ya thamani kubwa iliyosafirishwa kutoka koloni la Wahispania huko Mexico, ikitanguliwa na madini ya fedha tu. Ndiyo maana ukiponda utando mweupe juu ya mpungate ukapata wekundu mzito, umemtambua mgeni wako bila darubini.

Na kumtambua ndiyo nusu ya kazi, kwa sababu mdudu huyo hana hukumu moja kila mahali. Moroko, ambako mpungate ni tunda la sokoni na ua wa shamba, jamaa yake mmoja alionekana mwaka 2014 akaangamiza mashamba mengi. Laikipia, Kenya, ambako mpungate ulioletwa enzi za ukoloni ulivamia malisho na vimiiba vya matunda yake vikajeruhi midomo na matumbo ya mifugo, jamaa huyohuyo aliletwa makusudi, na wafugaji wakafundishwa kumkuza vibandani ili wampeleke porini.

Itasemwa pia kwamba kijiti na pamba haviwezi ekari kumi. Haviwezi, na Moroko ilibidi mashamba yang'olewe kabla watafiti hawajachagua aina za mpungate zinazomstahimili mdudu. Lakini nao walizipata kwa kutazama mmea mmojammoja. Bustani ya nyumbani haina ekari kumi, kwa hiyo haina udhuru. Ukinunua dungusi, lipekue chini ya miiba, litoe chunguni uone mizizi, ulitenge na mengine kwa mwezi mmoja. Likizidiwa, likate. Kipande kilichokatwa ukichome, usikitupe jalalani: pingili moja ya mpungate ikigusa udongo huota mizizi, mdudu wake akiwa juu yake.