Lulu Hakuwahi Kuwa na Miaka 14

Kibanda cha video kilikuwa nyuma ya stendi ya Garsen, mabati pande zote, kuingia shilingi 10. Mchana ni filamu za kivita na sauti ya DJ Afro ikipiga kelele juu yake. Jioni, wavulana wakishakwenda mpirani, tunaingia sisi na shangazi zetu kuona Bongo Movie. Hiyo haikuhitaji DJ Afro. Nyumbani tunaongea Kipokomo, sokoni Kiorma na Kiswahili vinapishana, lakini mtu akilia kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, kila mtu Garsen anajua kalizwa na nani.

Mle ndani ndimo nilimomwona Elizabeth Michael, Lulu, kwa mara ya kwanza. Filamu yenyewe siikumbuki. Nakumbuka shangazi yangu akisema, "Haka katoto kana macho ya mtu mzima." Alisema kama sifa, na sote tukaitikia. Sentensi hiyo imenisumbua miaka mingi.

Lulu alizaliwa Aprili 16, 1995. Akiwa na miaka mitano hivi alikuwa tayari Kaole Sanaa Group, kundi la Dar lililofanya tamthilia za televisheni na kuwatoa pia Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray. Kaole ilikuwa chuo cha watu ambao hawakuwa na chuo. (Nasema hivi kama mtu aliyeacha chuo kikuu mwaka wa pili. Kuna vyuo na vyuo.) Halafu tamthilia zikapisha filamu za DVD, zile za sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, majina ya Kiingereza kwenye kava, ndani Kiswahili kitupu. Lulu akavuka nazo. Family Tears na nyingine, akiwa na Kanumba huyo huyo.

Sasa hapa ndipo nina neno. Bongo Movie ya wakati ule ilijua watu wa kike wa aina mbili tu: mtoto na mwanamke. Mtoto ni wa kutuliza, au wa kuchekesha. Tazama Uncle JJ na This Is It, ambamo Kanumba anacheza na watoto wawili, Jennifer na Patrick. Bado naona ni kati ya kazi zake nzuri kabisa, maana anawaacha wawe watoto, wamsumbue, waharibu mipango yake. Mwanamke naye ni mke anayeteseka au mrembo anayevunja nyumba ya mwenzake. Katikati pametupu. Msichana wa miaka 14 mwenye chunusi na aibu, anayependa mtu leo na kesho amemsahau, hakuwa na filamu. Hakuna aliyemwandikia.

Kwa hiyo Lulu alipokua, hapakuwa na mahali pa kumweka isipokuwa upande wa pili. Akavishwa visigino, akapewa nafasi za mapenzi, na kwa kuwa alikuwa na kipaji alizimudu. Hilo ndilo linaloniuma kila nikizirudia. Hakosei. Anajua kugeuza kichwa, anajua kunyamaza kabla ya kujibu, ana kiburi kile cha mdomo ambacho waigizaji wakubwa kuliko yeye hawakuwa nacho. Tulipiga makofi. Magazeti ya udaku nayo yakaanza kumfuata mitaani, yakimwita mtoto aliyeharibika, huku picha zake zikiwauzia nakala.

Usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza. Lulu ndiye aliyekuwa naye. Habari zilitufikia Garsen kwa redio na kwa simu za watu walio na jamaa Dar, na nitakuwa mwongo nikisema sikulia. Nilikuwa darasa la saba. Kibanda kilionyesha filamu zake wiki nzima, bure siku ya maziko, na mwanamke mmoja muuza maembe alisema pale mlangoni kwamba yule msichana anyongwe.

Marehemu alikuwa na miaka 28. Lulu alikuwa na 16, zikibaki siku chache afikishe 17. Hesabu hii hakuna aliyeipiga kibandani. Dar nako ilibidi mawakili wake wabishanie umri wake mahakamani, maana magazeti yalishamtangaza kuwa na 18. Hebu fikiria: mtoto aliyekulia mbele ya kamera, ambaye nchi nzima ilimwona akiota meno, anatakiwa athibitishe kwamba bado ni mtoto. Macho ya mtu mzima, si tulisema wenyewe?

Sitaki kusema kwamba sinema ndiyo iliyomuua Kanumba. Huo ni upuuzi. Mtu alikufa, mama yake akazika. Ninachosema ni kwamba sinema ilitufundisha kumtazama Lulu kwa namna fulani, na siku ya kumhukumu tulitumia macho hayo hayo.

Agosti mwaka huo huo vita vya Delta vikaanza, Riketa watu zaidi ya 50 wakauawa asubuhi moja, kisha kafyu. Kibanda kikafungwa. Kilipofunguliwa tena, Lulu alikuwa ameshapata dhamana, Januari 2013, na shtaka la mauaji lilikuwa limebadilishwa kuwa kuua bila kukusudia. Mwaka huo akatoa filamu, jina lake Foolish Age.

Jina hilo sikulipenda na bado silipendi. Kwetu pia tunalisema hivyo hivyo, kwa Kiingereza, katikati ya Kiswahili. Nilikuwa na rafiki aliyekuwa nyota wa mchezo wa kuigiza shuleni, akipanda jukwaani walimu wanajisahau. Alipata mimba darasa la nane. Wazee, walimu, mama zetu, wote: ah, foolish age. Mwanamume aliyehusika alikuwa na duka na umri wa kutosha kuwa na akili. Yake haikuitwa chochote. Ndiyo maana nikiona jina lile kwenye kava naona msichana anatangulia kukiri ili aruhusiwe kurudi kazini. Aliruhusiwa. Watu walinunua.

Lakini Mapenzi ya Mungu, ya 2014, ni kitu kingine. Muziki unatangulia machozi, kama kawaida ya Bongo Movie, na kuna maneno mengi kuliko yanavyohitajika. Sijali. Ndani yake yumo Flora Mtegoa, mama yake Kanumba. Mama wa marehemu na msichana anayesubiri kesi ya kifo chake, ndani ya filamu moja. Unaweza kusema ni biashara, na wapo waliosema. Mimi naona kwamba kwa mara ya kwanza Lulu haangaliwi kama mrembo wala kama kioja. Anaigiza chini kidogo, kama mtu anayeogopa kuvunja chombo cha wenyewe. Machi 2016 filamu hiyo ikashinda Lagos, kwenye tuzo za AMVCA, kama filamu bora ya Afrika Mashariki. Alikuwa hajatimiza 21.

Novemba 13, 2017, Mahakama Kuu ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 2. Alikuwa ameieleza mahakama kwamba usiku ule alipigwa, akakimbia. Mei 2018 akatoka kumalizia kifungo cha nje. 2021 akaolewa, na tangu hapo tunamwona zaidi kwenye picha zake kuliko kwenye filamu. Watu humwuliza mitandaoni atarudi lini, kwa sauti ya mtu anayedai deni.

Mwezi uliopita nilikuwa Garsen. Kibanda sasa ni duka la simu na M-Pesa. Nilimwonyesha shangazi Mapenzi ya Mungu kwenye simu yangu, tumekaa barazani, mbu wanatula. Alitazama kimya mpaka umeme ukapotea na chaji ikabaki asilimia 4.

"Huyu ndiye yule mtoto?" akaniuliza.

"Ndiye, shangazi. Hapo ana miaka 19."

"Mdogo hivi?" Akaichukua simu, akaisogeza karibu na uso. "Hebu rudisha nyuma, mwanangu. Nimuone tena."

Ikazima.