Pima Upande Uliozimwa

Hapa Likasi nimewasikia watu wakilisifu sanduku la kuhamisha nyumba kutoka umeme wa SNEL kwenda betri za sola. Lehemu inang'aa, nyaya zimenyooka. Hakuna aliyefikiria kuzima bodi moja kati ya mbili zilizomo na kuiacha nyingine ikiwaka, na katika mji unaokatiwa umeme kila mara, sanduku hilo litaishi katika hali hiyo hiyo.

Acha nyaya zote za signali mahali pake. Ondoa umeme wa bodi moja, kisha weka multimita kati ya VCC yake na graundi. Kazi safi inasoma sifuri au milivolti chache. Ukikuta 4.4 V wakati bodi jirani inatoa 5, chipu inalishwa kwa mlango wa nyuma: mkondo umeingia kwa pini ya kupokea, ukapita dayodi ya ulinzi, ukaacha kama 0.6 V njiani na kujaza kapasita. Chipu kama ATmega328P huweza kufanya kazi hata kwa 1.8 V, kwa hiyo haizimiki. Umeme ukirudi inaganda, maana VCC haikushuka kiasi cha kuamsha riseti, na mwenye nyumba anauziwa betri mpya bila sababu.

Itazame LED ya bodi iliyozimwa gizani. Ikibaki na wekundu hafifu, bodi inavuja. Matapeli wanaijua dalili hii, nao huing'oa LED wakidai wanaokoa betri. Wengine hufunga rezista ndogo kati ya VCC na graundi ili multimita isome kidogo. Kumbe wamezidisha mkondo ndani ya dayodi ambayo Atmel walishauri isipitishe zaidi ya 1 mA.

Rezista ya 10k kwenye waya wa signali ni heshima ya chini kabisa. Inaokoa dayodi, lakini 0.4 mA bado yatosha kuamsha chipu isiyo na njaa. Bafa ya 74HC mahali hapo ni kosa. Weka 74LVC, ambayo VCC ikiwa sifuri huvujisha mikroampea zisizozidi 10. Waya ukiwa mrefu, weka optokapla ya PC817, tena kwenye soketi. Iliyolehemewa moja kwa moja mimi siipokei. Pulapu ikae upande wa anayepokea.

Mzee mmoja aliyetunza vyombo vya kupimia katika kiwanda cha Shituru, enzi za kampuni ya madini ya Gécamines, alianza ukaguzi kwa kuchomoa fyuzi kabla hajatazama kitu kingine. Kati ya paneli mbili aliweka rilei, kwa kuwa kontakti iliyo wazi haipitishi kitu, na mchoro wake ulibandikwa ndani ya mlango. Siku hizi mchoro wa aina hiyo huuoni.

Ukimaliza, geuza jaribio: washa bodi ya kwanza, uzime ya pili. Kama sanduku lina modemu ya SIM800L, usiisahau. Hiyo hutumia signali za 2.8 V, na ikizimwa peke yake, pini yake ya RX huendelea kupigwa na volti 5.