Madirisha Mengi, Ardhi Moja: Kupima Programu ya Ramani kwa Kazi ya Masisi na Walikale

Programu ya ramani haipimwi kwa wingi wa vitufe. Fungua dirisha la pili juu ya kazi ileile, halafu tazama: ufundi wa aliyeiunda utajionyesha hapo, au upungufu wake. Ukitaka kipimo kikali, ifungulie Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini, nchini Kongo (DRC), zinazopakana lakini hazisomeki kwa jicho moja.

Masisi ni vilima vya malisho. Picha ya setilaiti inakuonyesha nyumba, mazizi, hata njia zinazopanda kwenye machimbo ya koltani ya Rubaya. Walikale, karibu mara tano ya Masisi kwa ukubwa, ni msitu, na juu ya msitu kuna mawingu. Picha za setilaiti ya Sentinel-2, zinazotolewa bure na kuonyesha kitu cha mita 10, mara nyingi hufika zikiwa weupe mtupu. Sentinel-1 inatumia rada, kwa hiyo wingu haliizuii, ila picha yake ya kijivu inataka mazoea. Mchoraji makini huziweka zote mbili mbele yake kwa wakati mmoja, pamoja na dirisha la tatu lenye mchoro wa OpenStreetMap. Kuwasha na kuzima matabaka ndani ya dirisha moja hakutoshi: ukizima picha, jicho limekwisha kusahau lilichokiona.

Kigezo kilicho kikubwa kuliko vyote kwangu ni hiki: madirisha yote yatazame kazi moja, yasiwe nakala zake. Mnorwe Trygve Reenskaug alilieleza wazo hilo mwaka 1979 akiwa Xerox PARC huko California: data zikae mahali pamoja, na kila mwonekano uzisome kutoka hapo. Lijaribu mwenyewe. Weka nukta ya kituo cha afya karibu na Kibua, Walikale, katika dirisha moja. Ikitokea papo hapo katika mengine, una kazi ya fundi mkononi. Ikibidi ufunge na kufungua upya ndipo uione, ujue umepewa nakala, na siku moja nakala hizo zitagombana. Kijiji kimoja kitakuwa na mahali pawili, na pikipiki ya chanjo itatumwa pasipo na mtu.

Kisha pima namna madirisha yanavyofuatana. QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ilipata madirisha mengi ya ramani katika toleo la 3.0, mwanzoni mwa 2018. Unabonyeza Ctrl na M, dirisha jipya linafunguka, unalipatia jina lake na mpangilio wake wa matabaka. Unaweza kuliagiza lifuate kitovu cha dirisha kuu, lifuate skeli, yote mawili, au liende njia yake. Hiari hiyo ndiyo alama ya ubora.

Mfano mzuri wa haja yake ni Kilambo, upande wa Mubi wilayani Walikale, ambako kipande cha barabara ya lami kilitumika kwa miaka kama uwanja wa ndege. Ndege za mizigo zilitua barabarani kuchukua kasiteriti, madini ya bati, ambayo wapagazi waliitoa kwenye mgodi wa Bisie kwa miguu, wakipita msituni. Ikuze picha uwezavyo: unaona barabara tu. Itazame kwa mbali: mstari ulionyooka, mji wa soko jirani, msitu pande zote, na maana inajengeka. Unahitaji dirisha moja kwa skeli ya 1:2,000 na jingine kwa 1:100,000, vitovu vikiwa pamoja, na alama ya kipanya ikionekana katika yote mawili. Programu inayoyalazimisha madirisha yote kuwa na skeli moja imekunyima nusu ya ushahidi.

Angalia pia namba za mahali. Masisi na Walikale zimo katika kanda ya 35 Kusini ya mfumo wa UTM. Dirisha linalotumia mfumo mwingine linapaswa kulisema hilo waziwazi. Na dirisha linalopokea kibodi lijulikane bila kubahatisha, maana kitufe cha kufuta hakiulizi ulikuwa unatazama wapi.

Kuhusu ubishi wa dirisha moja kubwa au mengi yaliyotawanyika, mimi nasimama na programu inayokuachia uchague. GIMP, programu ya kuhariri picha, iliongeza hali ya dirisha moja katika toleo la 2.8, mwaka 2012. Excel ya 2013 ikaelekea upande wa pili, kila faili na dirisha lake. Ofisini Goma, penye skrini mbili, utapenda kuyatenganisha. Masisi-centre, kwenye kompyuta moja ndogo inayokula betri, utayabandika pembeni na kuyapunguza, na hapo utathamini programu inayoacha kuchora picha ya zamani mara tu unaposogeza ramani.

Jaribio la mwisho ni la kufunga. Panga madirisha manne, hifadhi, chomoa skrini ya pili, kisha fungua upya: yote yarudi pale unapoweza kuyaona, hata lile lililokuwa kwenye skrini iliyoondolewa. Ukifunga dirisha dogo, kazi ibaki. Ukifunga lile kuu kabla ya kuhifadhi, programu iulize, ikitaja tabaka lililobadilishwa, na swali hilo likae mbele ya madirisha yote. Uzito wa swali hilo unaonekana katika misitu ya jamii: dekreti ya Kongo namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wa hadi hekta 50,000, na mpaka wake huchorwa baada ya wazee wa vijiji jirani kukaa, kubishana na kukubaliana mto upi na kilima kipi. Swali la kuhifadhi likijificha nyuma ya dirisha jingine na mstari huo ukapotea, itabidi wazee waitwe tena, na wengine hutembea siku nzima msituni kufika kikaoni.